Nyumba Yenye Ndiya za Paka

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, wakatuagiza tufungue tuingie ndani. Methali hiyo nimeishi nayo tangu utotoni, na katika mashairi yangu nimeitia zaidi ya mara moja, lakini sikuifahamu sawasawa mpaka siku ile fundi aliponiletea ramani ya nyumba yetu mpya na kuitandaza juu ya mkeka. Mama yangu, ambaye mato yake yamekwisha kuingia ukungu (ndivyo asemavyo yeye, nasi Waamu hatuoni haya ya kusema hivyo), aliomba asomewe. Nikamsomea chumba baada ya chumba: ukumbi, vyumba vitatu vya kulala, jiko, choo, kiwanda cha nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Nyumba ni njema, mwanangu. Lakini haina ndiya za paka."

Fundi alicheka, nami nikacheka pamoja naye. Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Mombasa kwa ajili ya shauri hilo, hakucheka. Yeye ndiye aliyechangia sehemu kubwa ya fedha, na kwa maoni yake paka hao ndio waliotuingiza katika gharama yote ile.

Yafaa nieleze. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa Mkomani, katika ule upande wa mji wa Lamu wenye nyumba za mawe zilizosongamana hata ukinyoosha mikono miwili waweza kugusa kuta za majirani wawili. Ilikuwa nyumba ya kale kwelikweli: daka mbele yake lenye baraza mbili, kisha tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha misana miwili myembamba inayofuatana, na ndani kabisa chumba chenye zidaka ukutani. Vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa dari ilishikwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake ambao haushindani na mtu. Tulipopoteza baba, mirathi ikagawiwa kama sheria ilivyotaka, na mafungu yakawa mengi kuliko vyumba. Ikabidi iuzwe. Lakini hata isingeuzwa tungehama, kwa sababu ya ngazi. Ngazi za nyumba zile ni za mwinuko mkali, na kila kidato kina kimo chake. Alfajiri moja mama alikuwa akishuka kutia udhu, paka akampitia miguuni, naye akaanguka vidato vinne. Alivunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Daktari alisema tushukuru kuwa hakuvunjika nyonga, maana kwa mtu wa umri wake hilo lingekuwa jambo jingine.

Basi ndugu yangu alipoona mama, mkono ungali mzito, ana paka watano wanaomzunguka huku akiwatakia ndiya katika nyumba mpya, alinivuta kando.

"Kaka," akaniambia, "wale paka watie guniani ukawaachie pale washushapo samaki. Vichwa na matumbo vipo tele, hawatakufa njaa. Mama atalia siku mbili, kisha atasahau. Akianguka tena, hatutakuwa na la kusema."

Sikumjibu. Neno gunia lilinifunga ulimi.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa ndipo nilipoanza kujifunza kufasiri. Sikuwa na mwalimu wa kazi hiyo. Nilikuwa na Kiarabu cha madrasa, kamusi iliyokwisha jalada, na daftari la kurasa mia mbili. Kwa muda wa mwaka mzima nilifasiri, usiku, kwa taa ya mafuta. Siku moja nikakuta paka jike amezalia katika kisanduku cha karatasi zangu, na daftari limelowa, wino umekimbia, kurasa zimeshikana. Hasira ilinipanda. Nikamtia paka yule guniani, nikampakia katika mashua ya wachukuzi wa mawe, nikavuka naye mpaka Manda, nikamfungulia kule Maweni kwa wakata mawe. Alisimama kidogo juu ya kifusi cheupe, akaangalia upande wa bahari, kisha akaondoka. Wanawe watatu walibaki nyumbani, macho hayajafumbuka. Nilirejea magharibi nikamkuta mama ameketi sakafuni, akiwanyonyesha maziwa kwa pamba. Mmoja aliishi, wawili walikufa. Mama hakuniuliza kitu.

Hii ndiyo sababu ndugu yangu sikumjibu. Lakini pia sikuweza kumwambia amekosea, kwa kuwa ngazi nilikuwa nimeiona, na damu pia. Nikamwomba fundi aniachie ramani kwa juma moja.

Katika juma hilo nilikwenda kila siku katika nyumba ya zamani, iliyokuwa bado mikononi mwetu, nikaiangalia kama mtu aangaliavyo matini anayotaka kuifasiri: si maneno tu, bali namna yalivyoshikana. Jambo la kwanza lililonigusa lilikuwa birika. Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na birika la maji kando ya choo, na humo ndani waliishi visamaki wadogo ambao kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa ya birika mafundi walizamisha bakuli la kaure, la Uchina, likashikana na sakafu yake. Wengi wa wageni hudhani ni pambo. Si pambo. Maji yakipungua, au birika likifanyiwa usafi, bakuli lile hubaki na maji, na visamaki hupata pa kungojea. Nilikaa ukingoni nikalitazama bakuli letu, lenye ufa mmoja na maua ya buluu yaliyofifia, nikajiambia kuwa mtu aliyeijenga nyumba hii aliwafikiria samaki wasiofika urefu wa kidole, akawawekea akiba ya siku ya ukame. Nasi, wajukuu wake, twajenga nyumba tukimsahau paka.

Jambo la pili lilinijia katika kazi yangu yenyewe. Miaka mingi iliyopita nilipata kufasiri hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ya Kabsha binti Kaab. Alimtilia baba mkwe wake, Abu Qatada, maji ya udhu. Paka akaja kunywa, na mzee yule akakiinamisha chombo ili anywe vizuri. Alipoona mkwewe anashangaa, akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa paka si najisi, naye ni katika wale wazungukao kati yenu. Neno la Kiarabu ni *tawwafin*, na shina lake ndilo la *tawafu*, kule kuizunguka Al-Kaaba. Wakati ule niliandika "wageni wenu", kwa kuwa ilinielea vizuri mdomoni. Mama, niliposoma mbele yake, alinikosoa: "Mgeni huketi alipowekwa. Paka hakai alipowekwa." Nikafuta, nikaandika "wazungukao". Sasa, miaka mingi baadaye, ndipo nilipoona kuwa alikuwa akinifundisha ujenzi. Azungukaye anahitaji ndiya. Ukimnyima ndiya yake, atapita katika yako, na ndipo mtakapogongana.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Mama hakuangushwa na paka mbaya. Aliangushwa na ngazi moja iliyotumiwa na watu na wanyama kwa saa ileile, ambayo ni saa ya chakula. Paka humwendea miguuni yule amtarajiaye kumlisha, na mama alikuwa na desturi ya kuwalisha mara tu baada ya sala ya alfajiri. Hivyo aliposhuka gizani, wote watano walikuwa wakishuka naye.

Tulianza upya. Nikamwambia fundi kuwa katika nyumba hii mama atapita chini na paka watapita juu. Alinitazama kama atazamwavyo mshairi. Lakini ni jambo lililo wepesi, na msomaji mwenye mzee na paka nyumbani aweza kulifanya kesho. Paka hupenda mahali pa juu, kwa sababu huko huona bila ya kuguswa. Tukatia ukutani, kwa kimo cha mtu, ubao mwembamba wenye upana wa shubiri moja, unaoanza ukumbini, ukapita juu ya mlango wa jiko, ukatokea katika kiwanda cha nyuma. Mahali pa kupandia na pa kushukia palikuwa mbali na ndiya ya mama iendayo kitandani na chooni. Chini, katika ndiya hiyo ya mama, hapakuwekwa kitu: si kiti, si ndoo, si bakuli la paka. Vizingiti vyote viliondolewa, na ngazi haikuwepo hata moja.

Sakafu ilituletea ubishi. Ndugu yangu alitaka vigae vya kung'aa, vya rangi ya kijivu, kwa kuwa ndivyo viwekwavyo siku hizi. Lakini vigae vya kung'aa vikilowa huteleza, na katika paka wetu wawili ni wa kijivu. Mtu mwenye ukungu wa macho hamwoni paka wa kijivu juu ya sakafu ya kijivu. Tukaweka sakafu iliyokwaruzwa kidogo, nyeupe kama chokaa, ambayo juu yake paka yeyote huonekana kama herufi juu ya karatasi.

Likaja suala la kulisha. Kumwondolea mama kazi hiyo kungekuwa kumwondolea nusu ya siku yake. Hivyo kazi tulimwachia. Tukabadilisha saa na mahali. Tulijenga baraza ya mawe katika kiwanda, na sasa mama huwalisha jua likishachomoza, akiwa ameketi. Sahani zao huwekwa juu ya baraza, si chini. Atakaye kula na apande. Baada ya siku kumi walikuwa wamejua kuwa mama aliyesimama hana chakula, na mama aliyeketi anacho. Tangu hapo hawamzungukii miguuni.

Kwa choo chao ilinibidi nisome. Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya miezi minne, na kinyesi cha paka chaweza kubeba kijidudu kinachoitwa toksoplasma, ambacho chaweza kumdhuru mtoto tumboni ikiwa mama yake anaambukizwa kwa mara ya kwanza katika ujauzito. Nilitishika, nikamkumbuka ndugu yangu na gunia lake. Lakini niliposoma zaidi nikaona kuwa hatari hiyo ina mlango wake, na mlango huo hufungika. Mayai ya kijidudu hicho hayana nguvu ya kuambukiza pindi yatokapo; huhitaji siku moja au zaidi. Pia mtu huambukizwa kwa nyama isiyoiva na kwa mboga zenye udongo, hata asiye na paka. Basi tukajenga kisanduku kipana cha mchanga katika pembe ya kiwanda, penye kivuli na mbali na jiko, nami nikajitwika kazi ya kukisafisha kila siku bila ya kukosa. Mkaza mwana wangu alikatazwa kukigusa, kitalu cha mchicha kikazungushiwa wavu, na nyama ikapikwa ikaiva. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, naye sasa humvuta paka mkia.

Kisha ile ndiya yenyewe ya kutokea nje. Nilimpima paka mkubwa kuliko wote kwa utepe wa fundi cherehani, jambo alilolistahimili kwa heshima kubwa, nikapata upana usiozidi sentimita kumi na tano. Tukaacha tundu katika ukuta wa nyuma, lenye kimo kidogo zaidi ya hapo, na ukingo wake wa chini ukainuliwa kutoka ardhini ili maji ya masika yasiingie. Siku ya kwenda kuangalia kazi nilikuta fundi amelitilia tundu lile tao dogo la chokaa, lililochongwa kama tao la kidaka, ingawa hakuna aliyemwomba. Alipoona nimelitazama sana, alisema: "Mlango ni mlango, Maalim."

Punda nao hawakusahauliwa. Mawe yote, mchanga wote, na mifuko yote ya saruji ilipanda kwa migongo yao kutoka ufukweni, kwa kuwa vichochoro vyetu havina nafasi kwa chombo kingine. Mji wetu una zahanati ya punda tangu mwaka 1987, na kijana aliyetuchukulia mawe aliwapeleka huko wawili waliochubuka. Tulipomaliza, nilimwomba fundi aiviringishe kona ya ukuta inayoelekea ndiya, isiwakwaruze mzigo wala ubavu, na chini yake ajenge hori dogo la maji. Ni deni.

Mawe yalitoka Manda. Nilikwenda mwenyewe kuyachagua. Nilipokuwa nikitembea katikati ya vifusi vyeupe, niliwaona paka wa kule, wembamba, wenye masikio marefu, wamelala katika vivuli vya mawe. Miaka thelathini na kitu imepita. Ni nadra mno paka kuishi muda huo. Hata hivyo niliwaangalia mmoja mmoja, kama aangaliaye nyuso za watu anaodaiwa nao.

Sisi washairi tuna jambo la kujivunia katika habari ya nyumba. Neno letu *ubeti* latokana na *bayt*, nyumba ya Waarabu, na hao Waarabu huliita nusu ya mstari wa shairi kwa neno lilelile waliitialo bawa la mlango. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika *Al-Inkishafi*, alizitazama nyumba za Pate zilizokwisha kufa, na alama ya kufa kwake ilikuwa wanyama: ndege na popo katika majumba waliyokaa mabwana. Nimelisoma shairi hilo tangu ujana, na kwa muda mrefu nilidhani kuwa mnyama ndani ya nyumba ni dalili ya magofu. Birika letu likanifundisha kusoma tena. Ndege wa Pate waliingia kwa sababu watu wametoka. Visamaki wa birika waliingizwa na watu waliokusudia kubaki. Tofauti i katika nani aliyewafungulia mlango.

Tulihama mwanzoni mwa kaskazi. Paka hushikamana na mahali kuliko mtu adhaniavyo, hivyo tuliwafungia katika chumba kimoja cha nyumba mpya kwa majuma matatu, pamoja na kanga kuukuu ya mama, chakula, maji na mchanga. Kila nilipogeuza ufunguo nilimkumbuka yule mwanamke wa hadithi aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie, nami nikaingia tena kuhakikisha kuwa bakuli halijakauka. Tulipofungua, wanne walitoka, wakazunguka, wakarejea kwa tao la fundi. Wa tano, dume mzee tuliyemwita Shaibu, alitoka asirejee.

Nilimkuta kesho yake Mkomani, juu ya baraza ya daka letu la zamani, mbele ya mlango uliokwisha kutiwa kufuli na mwenyewe mpya. Nilimbeba, nikamrejesha. Usiku akaondoka tena. Mara ya tatu mama akasema: "Mwache. Yeye ana nyumba yake." Ndugu yangu, kwa simu, alisema shukuruni, wamebaki wanne.

Tangu siku hiyo, baada ya sala ya magharibi, huteremka Mkomani na kichwa cha samaki katika gazeti. Huketi barazani, na Shaibu hula, nasi hungojea pamoja mpaka isha.

Usiku mmoja nilirejea nikamkuta mama bado yuko kiwandani, katika baraza yake.

"Umempa?"

"Nimempa, mama."

Akanyamaza. Nilidhani yamekwisha, nikageuka niingie ndani.

"Na yule wa Manda," akasema, "alikuwa na nani wa kumpa?"

Nilisimama pale, mtu mzima mwenye mvi, nikiwa sina neno, mimi ambaye kazi yangu ni maneno. Kisha nikaketi kando yake nikamweleza yote, tangu daftari na wino, mpaka gunia, mpaka mashua, mpaka alivyosimama juu ya kifusi akatazama bahari. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza ramani. Hakunilaumu wala hakuniambia nimesamehewa. Alijisogeza kidogo, akanipisha mahali pa kuegemea, na juu ya vichwa vyetu paka mmoja akapita katika ndiya yake.